Zamu Isiyosuuzwa

Fomu ya getini ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana, na Kapteni Asteria Byabato aliusoma mara tatu huku taya zikimkaza. Mgeni hatataja safari yoyote ya ndege mbele ya mwongozaji. Chini yake palikuwa na nafasi ya kidole gumba. Miaka sita mfululizo alikuwa ameweka kidole hapo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Mwaka huu kidole kilikuwa kizito.

"Weka, mama. Wenzako wanangoja," mlinzi alisema.

Akaweka. Kapteni Fumbuka, rubani mwenzake wa siku nyingi, Msukuma mwenye tumbo la heshima, alimsogelea sikioni.

"Aste, nakujua. Umekuja na jambo."

"Nimekuja kuonana. Leo si Siku ya Kuonana?"

"Basi tunywe chai, tucheke, tuondoke. Ile kesi yako bado ya moto."

"Haikuwa kesi," Byabato alijibu. "Kesi huwa na mshtakiwa."

Marubani kumi na wawili waliingia Kituo cha Anga cha Kilimatinde saa tatu asubuhi, wakapitishwa kwenye korido ndefu iliyonukia dawa ya sakafu. Kushoto palikuwa na mlango wa bluu ulioachwa wazi ili wageni waone. Ndani yake vilipangwa viti ishirini vyenye kofia kubwa juu, na mtu asiyejua angedhani ni saluni ya kukaushia nywele. Kila siku zamu ilipokwisha waongozaji, wale wanaoziongoza ndege kwa redio kutoka ardhini, waliingia humo, wakakaa, kofia ikashuka, na kwa dakika tisa mashine ikaondoa vichwani mwao kila kitu kilichowapata tangu walipovuka geti. Kwenye karatasi za serikali jambo hilo liliitwa Usafi wa Zamu. Wenyewe walisema wanasuuzwa.

Byabato alikuwa amesikia maelezo hayo kila mwaka, kwa maneno yale yale. Ujuzi unabaki, kisa kinaondoka. Mwongozaji hapeleki hofu nyumbani, harudi nayo kesho, mkono wake hautetemeki. Zamani, kabla ya viti, waongozaji walikuwa wakipasuka vichwa. Mmoja aliyenusurisha ndege mbili kugongana alikaa mwezi mzima hawezi kushika kikombe. Yote hayo yalikuwa kweli, na ukweli huo ulimuudhi zaidi kuliko uongo.

Ukumbini palikuwa na chai ya maziwa, karanga na mihogo ya kukaanga. Waongozaji walisimama wakitabasamu, kila mmoja na jina lake kifuani, na marubani wakaanza kutafuta wale wanaowajua kwa sauti. Hapo ndipo utamu wa siku hiyo ulipokuwa. Unamsikia mtu miaka na miaka akikuongoza mawinguni, kisha unamwona ana kwa ana na kukuta ni mfupi, au ana mwanya, au ni bibi. Kwa marubani utamu huo ulizidi kila mwaka. Kwa waongozaji ulikuwa mpya kila mara, maana hata chai hiyo ilinywewa ndani ya geti.

Byabato hakuhitaji kutafuta. Ezra Ndahani alisimama dirishani, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alikohoa kidogo kabla ya kusema, kama alivyokohoa redioni kabla ya kila habari mbaya.

"Karibu sana, dada. Ni mara yako ya kwanza kufika kwetu?"

"Ya saba, kaka Ezra. Shikamoo."

"Marahaba. Ya saba? Basi nisamehe, ndivyo tulivyo." Alicheka kwa aibu. "Nimekwisha kukusimulia habari ya mbuzi wangu aliyekula barua ya ajira?"

"Bado," alisema Byabato, kama alivyosema mara sita zilizotangulia.

Akamsimulia. Mbuzi aliingia dirishani, akaila barua yote na mhuri, Ndahani akamfunga kamba na kumleta kazini awe ushahidi. Miaka yote Byabato alicheka, na kumkabidhi kahawa ya kutafuna kutoka kwao Bukoba, iliyofungwa vizuri kwenye majani makavu. Mwaka huu hakuleta kahawa. Alimtazama yule mtu mpole akila karanga, akahisi damu inamchemka hadi masikioni. Mwasiti, msichana wa watu, yuko ardhini miezi minne, na huyu anasimulia mbuzi.

Saa tano wageni walipelekwa chumba cha mazoezi. Bi. Salha Mkwizu, mkurugenzi wa kituo, alitangulia. Alikuwa mama wa Kipare, mnadhifu, wa maneno machache, ambaye kila mtu alimwogopa kidogo na kumheshimu sana.

"Sheria mnaijua," aliwaambia. "Tangu zile mashine za kuongoza peke yake ziangushe ndege mbili, anga yetu inataka sikio la mtu. Mwongozaji anatoa agizo. Rubani analirudia neno kwa neno. Mwongozaji akisikia limerudiwa sawa, anasema sawasawa. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotuweka hai. Nani atakuwa rubani wa Ezra?"

Byabato alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

Fumbuka alimtazama kwa jicho la onyo. Hakumjali. Alivaa hedifoni, akaketi kwenye kibanda cha kioo, na kupitia kioo akamwona Ndahani akikaa mbele ya skrini yenye ndege kumi na moja za kuigiza. Kazi ikaanza, na hata kwa hasira zake Byabato alilazimika kukiri kwamba mtu yule alikuwa bingwa. Hakupandisha sauti. Alizitenganisha ndege zilizojazana kama mama anayechambua mchele, haraka, bila kuangusha punje. Kisha ikafika zamu ya Byabato.

"Mazoezi Moja, kuna ndege ya mizigo chini yako. Shuka hadi futi elfu nane."

Aliyasikia vizuri sana.

"Nashuka hadi futi elfu sita, Mazoezi Moja."

"Sawasawa," alisema Ndahani, akahamia ndege nyingine.

Marubani kumi na mmoja walisikia. Fumbuka alishusha kikombe chake taratibu, akakiweka chini sakafuni. Ndahani aliendelea kuongoza ndege zake kwa sauti ile ile ya upole, bila kuwa na habari kabisa, mpaka Bi. Mkwizu alipozima skrini kwa mkono wake mwenyewe.

"Mapumziko," alisema. "Kapteni Byabato, njoo."

Huko koridoni mkurugenzi alifunga mlango nyuma yao.

"Umemfanyia hila."

"Nimefanya kile kile nilichofanya mwezi wa nne. Tofauti ni kwamba leo nimekusudia."

Mwezi wa nne hakukusudia. Alikuwa anashuka kwenda Kigoma na abiria kumi na wanane, mawingu mazito. Siku zote hapo alipewa elfu sita. Siku ile alizungushwa juu ya vilima kuikwepa ndege ya mizigo, akapewa elfu nane, na sikio lake likasikia lilichozoea. Akarudia elfu sita. Ndahani naye akasikia alichokisema mwenyewe. Sawasawa. Dakika tatu baadaye kengele inayoonya kwamba ardhi iko karibu ililia, Byabato akavuta usukani kwa nguvu zake zote, na tumbo la ndege likapiga vichwa vya miti juu ya kilima. Walitua. Abiria wote walishuka kwa miguu yao. Mwasiti Bulembo, mhudumu wa ndege, alikuwa amesimama akimfunga mzee mmoja mkanda. Alirushwa darini, akafa kabla ya kufika hospitali. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Byabato alieleza kosa lake mbele ya wachunguzi bila kuficha neno. Walipomwuliza mwongozaji, ndani ya geti, siku ile ilikuwa imekwisha kusuuzwa kichwani mwake. Ripoti ikaandika hitilafu ya mawasiliano.

"Mara ngapi?" aliuliza sasa.

Bi. Mkwizu alitazama pembeni.

"Nimekuuliza, mama. Amefanya hivi mara ngapi?"

"Tano. Kwa miaka kumi na moja. Nne hazikuleta madhara."

"Kumbe mnajua."

"Kuna mashine inayonukuu kila neno. Haikupewa kinywa, kwa sababu ilipokuwa ikidakia katikati marubani walichanganyikiwa. Inanukuu, sisi tunasoma kesho yake."

"Na mkishasoma, mnamwambia nini Ezra?"

"Tunamrudisha mazoezini. Tunamfundisha upya kusikiliza."

"Wapi?"

Byabato alielewa mwenyewe kabla swali halijajibiwa. Walimfundisha hapa hapa, ndani ya geti. Jioni alikaa kitini, na somo likatoka pamoja na siku iliyolileta. Kesho yake alikuja kazini mpole, mwepesi, na sikio lile lile bovu. Byabato alicheka, kicheko kibaya ambacho yeye mwenyewe hakukipenda.

"Mmemfuga," alisema. "Mnamfuga kama kuku wa mayai. Hana kosa, hana kumbukumbu, hana hata haki ya kujirekebisha."

"Sikiliza, Asteria." Sauti ya mkurugenzi ilikuwa kavu. "Nilikuwapo kabla ya viti. Tulizika watu mia mbili kwa mwaka mmoja. Waongozaji wangu wawili walijinyonga. Sasa hatufiki watu kumi. Ukiwa wewe, utachagua nini?"

"Mwasiti yumo kwenye hao kumi wako."

"Najua yumo. Jina lake ninalo, na ya wengine ninayo. Mimi sisuuzwi."

Neno hilo lilimchoma Byabato. Hakutaka kumwonea huruma mwanamke huyu, akajizuia.

"Mtoe kwenye zamu ya leo, basi. Muweke mwingine."

"Wawili wanaumwa, mmoja amejifungua jana, waliobaki wana maeneo yao. Ezra anakaa saa saba kamili. Kuna ndege kumi na saba zinakuja kwenye eneo lake, na zilizo hewani haziwezi kungoja tupige mjadala." Alitazama saa. "Ni saa sita na nusu. Ukimwambia sasa, nitampandisha kwenye kile kiti cha kazi akiwa anatetemeka. Wewe ni rubani. Ungependa uongozwe na mtu aliyeambiwa nusu saa iliyopita kwamba ameua?"

Hapo Byabato alibanwa. Alijua vizuri sauti inayotetemeka redioni inavyofanya. Inaingia mikononi mwako. Akinyamaza, ndege kumi na saba zitaongozwa na mtu mtulivu ambaye hasikii. Akisema, zitaongozwa na mtu anayesikia lakini amevunjika. Na akingoja zamu iishe, kuna dakika chache tu za korido kabla ya kofia kushuka. Alimchukia Bi. Mkwizu kwa kulipanga jambo vizuri namna ile. Alimchukia zaidi kwa kuwa hakuwa anasema uongo.

Mlango ulifunguka. Ndahani alisimama pale, kikombe mkononi.

"Samahani, mama mkurugenzi. Dada, nimekosea nini? Wenzako wote wamekaa kama wako msibani. Nimemwuliza yule mnene, ameangalia viatu vyake."

"Ezra, rudi ndani," alisema Bi. Mkwizu.

"Narudi. Nataka tu kujua."

Alisimama hapo, mtu mzima na nywele zake za mvi, akiomba kuambiwa habari zake mwenyewe kama mtoto anayeulizia matokeo ya mtihani. Hasira ya Byabato, ambayo tangu asubuhi ilikuwa imemlenga yeye, ilimpita ikaenda kwingine. Akapiga moyo konde.

"Nilikupa jibu lisilo sawa, kaka. Ulisema elfu nane, nikarudia elfu sita. Ukasema sawasawa."

Ndahani alikunja uso. "Mimi?"

"Wewe. Na mwezi wa nne nilikupa jibu lile lile angani, kwa bahati mbaya. Ukasema sawasawa. Tuligonga miti. Msichana mmoja alikufa. Anaitwa Mwasiti Bulembo."

"Kapteni," mkurugenzi alisema taratibu, "leseni yako imekwisha."

Hakuna aliyemsikiliza. Ndahani aliweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha kwa uangalifu mkubwa. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Ni mara moja tu?"

"Tano. Huyo ndiye aliyekufa."

Alikohoa. Akashika ukuta. Byabato aliona mikono yake ikianza kutetemeka, vidole kwanza, kisha vifundo. Akajua amefanya kile alichoonywa asifanye, na hapakuwa na namna ya kukirudisha.

"Saa saba inakaribia," Ndahani alisema hatimaye. "Kuna ndege."

"Unaweza?" Byabato alimwuliza.

"Sijui. Njoo usimame nyuma yangu. Vaa hedifoni ya pili. Mimi nikisikia vibaya, wewe usikie."

"Sheria hairuhusu," alisema mkurugenzi.

"Basi mama, kaa wewe," Ndahani alimwambia, bila ukali, na Bi. Mkwizu akawapisha.

Ile zamu Byabato aliikumbuka baadaye kwa uchovu wa miguu. Alisimama saa nne nyuma ya kiti, mkono mmoja juu ya bega la Ndahani, na bega lile halikutulia hata dakika moja. Sauti yake ilipwaya. Aliomba kila rubani arudie agizo mara mbili, na ndege zikachelewa, na marubani wakanung'unika, na mmoja wa Mbeya akauliza kulikoni leo Kilimatinde. Saa tisa alichanganya majina ya ndege mbili, kosa ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yake yote ya utulivu. Byabato alimbana bega. Ndahani akasita, akakohoa, akayabadilisha majina kabla rubani yeyote hajageuza pua ya ndege. Jasho lilimtiririka shingoni. Mashine ilinukuu yote. Bi. Mkwizu alisimama ukutani muda wote huo, mikono kifuani.

Ndege ya kumi na saba ilitua salama. Saa kumi na moja kengele ikalia.

Waongozaji walivua hedifoni, wakajinyoosha, wakaelekea mlango wa bluu wakizungumza habari za mvua. Ndahani alikwenda nao hadi kizingitini. Alivitazama viti vile muda mrefu.

"Ezra," alisema mkurugenzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa inabembeleza. "Ni dakika tisa tu. Kesho utaamka mzima. Usipokaa leo, kesho siwezi kukupokea. Unaijua sheria."

"Naijua. Ndiyo kitu pekee cha humu ninachokijua."

Akageuka, akapita getini na siku yake nzima kichwani, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Hatua ishirini mbele aliinama kando ya uzio akatapika. Byabato alimshikia koti alilokuwa amelivua, akangoja. Alikuwa bado amefura kwa hasira. Alitaka mtu apigwe, alitaka chumba kile cha viti kibomolewe, alitaka majina yote ya wafu aliyoyatunza Bi. Mkwizu yasomwe hadharani. Marubani wenzake walikuwa wamekaa kwenye gari lao wakijifanya hawaoni, Fumbuka akiwa mbele kabisa.

Ndahani alijifuta mdomo, akakaa chini juu ya jiwe.

"Huyo Mwasiti, alikuwa mtu wa wapi?"

"Uvinza."

"Wazazi wapo?"

"Mama yake yupo. Baba alikwisha fariki."

"Alikuwa na ndugu?"

"Alikuwa mtoto pekee."

Ndahani alitikisa kichwa polepole. Kisha akauliza kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri angeuliza, tena kwa upole:

"Mama yake alisemaje ulipokwenda kumpa pole?"

Byabato alifungua kinywa. Alikuwa na majibu mengi. Wanasheria walimkataza kuonana na familia mpaka uchunguzi uishe. Kampuni ilituma ubani kwa niaba ya wote. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa mazishi yalipofanyika. Kila moja lilikuwa kweli. Lakini uchunguzi uliisha miezi miwili iliyopita, na arobaini ilipita, na tangu arudishwe kazini kila wiki alikuwa akipita juu ya mabati ya Uvinza akienda Kigoma, akitazama mbele.

"Sikwenda," alisema.

Ndahani hakumlaumu. Ingekuwa nafuu angemlaumu. Alimtazama tu, akichukua muda kuelewa, kisha akasimama na kukung'uta suruali.

"Mimi nimejua leo saa sita na nusu," alisema. "Treni ya Kigoma inapita Manyoni jioni hii. Uvinza inasimama."

Akaanza kutembea kuelekea barabarani, mwembamba, bado anayumba kidogo. Byabato alibaki amesimama na koti la watu mkononi. Alitafuta mtu wa kumkasirikia, akakosa. Ndani ya gari Fumbuka alishusha kioo, akamwita apande, wanachelewa.

"Nendeni," alimjibu, akavua kofia ya kazi na kumfuata Ndahani.